Ufa wa Ndoo Hauzibwi kwa Gundi Yoyote

Dumu la lita 20 likipata ufa mwembamba kama unywele, likawa linadondosha tone moja kila sekunde, mwenye dumu anaweza kuona hasara ni ndogo. Hesabu inasema vingine. Matone 20 hivi hujaza mililita moja, na siku moja ina sekunde 86,400. Mwendo huo usipopungua, kufikia kesho saa kama hii zaidi ya lita 4 zitakuwa zimeishia sakafuni. Hiyo ni sado nzima ya maji, kwa kipimo kilekile ambacho sokoni Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hupimiwa maharage. Kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika na foleni za bombani zimerefuka, hakuna anayepandisha kilima na sado ya maji ili aje kuimwagia sakafu.

Kwa hiyo chombo kinatafutiwa dawa, na wengi huanzia dukani. Mtu anafika, anatoa hela, anasema: "Nipe gundi ya kuzibia ndoo." Anapewa kitubu cha supagluu. Nyumbani anapaka, anabana, anasubiri. Ndoo inakaa siku mbili, labda tatu, kisha ufa unafunguka palepale na gundi inabanduka kama gamba. Lawama inamwangukia muuza duka, au inasemwa kwamba gundi za siku hizi ni feki. Mara nyingi gundi yenyewe haina kosa. Imepakwa kwenye plastiki ambayo haishikani nayo, hata ingekuwa mpya kutoka kiwandani.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa maswali. "Gundi gani?" huulizwa kwanza, wakati swali la kutangulia ni "plastiki gani?" Neno plastiki limebeba vitu vingi vilivyo mbali kitabia, kama neno mti linavyobeba mninga na mpapai. Seremala wa Kibondo hawezi kuutendea mpapai kama mninga akategemea kupata kitanda. Anayetengeneza vyombo vya nyumbani naye ana haki ya kujua kilicho mikononi mwake, na kujua hakuhitaji maabara. Beseni la maji linatosha.

Kinachoelea na kinachozama

Tangu mwaka 1988 viwanda vya plastiki, kuanzia Marekani, vimekuwa vikipiga chapa ya pembetatu yenye namba 1 hadi 7 chini ya vyombo. Namba 2 ni poliethilini nzito, ndiyo ya madumu ya mafuta yanayogeuzwa madumu ya maji. Namba 4 ni poliethilini laini, ya mifuko na ya madumu yale ya kukunjwa. Namba 5 ni polipropilini, ambayo hufinyangwa kuwa ndoo nyingi, mabeseni na viti. Namba 3 ni PVC ya mabomba magumu, namba 1 ni PET ya chupa za maji na soda, namba 6 ni polistirini, na namba 7 ni kapu la aina nyingine zote, ikiwemo ABS ya maganda ya redio na televisheni.

Chapa ikiwa imefutika, mtu anakata kipande kidogo cha ukingoni, anakisugua kwa sabuni kidogo ili kisishikwe na mapovu ya hewa, kisha anakizamisha majini na kukiachia. Poliethilini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kipande kinapanda juu. PVC, PET, polistirini na ABS vyote huzama. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kinagawanya matengenezo yote ya plastiki nyumbani katika njia mbili: inayozama inaweza kutibiwa kwa gundi na viyeyushi, inayoelea inahitaji uzi, waya na moto.

Ukipita nyumba yoyote ya Kasulu au Kibondo ukafanya kipimo hicho, utaona mzigo uko upande gani. Ndoo inaelea. Dumu linaelea. Beseni la kuoshea vyombo, kiti cha ukumbini, tenki jeusi la kukingia maji ya mvua, ndoo ya asali inayosubiri mnunuzi, vyote ni vya upande unaoelea. Vinavyozama ni vichache: bomba la PVC, ganda la redio, jagi gumu linaloonyesha ndani, madigadi ya baadhi ya pikipiki. Yaani sehemu kubwa ya plastiki inayopasuka nyanda za juu za Kigoma ni ileile ambayo gundi ya dukani haiwezi kuisaidia.

Funzo la jani la gimbi

Kando ya vijito vya mabondeni, mahali magimbi yanapostawi, watoto huchezea tone la maji juu ya jani la gimbi. Linaviringika kama shanga, linadondoka, na jani linabaki kavu. Uso wa poliethilini na polipropilini una tabia ya jani hilo. Gundi, kabla ya kushika, lazima itambae na kulowanisha kila kijishimo cha uso inaopakwa. Uso ukikataa kulowana, gundi inakauka ikiwa imelala juu tu, na chombo kikipindishwa kidogo inabanduka.

Sababu iko katika maumbile ya plastiki zenyewe. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, jamaa wa karibu wa nta ya mshumaa, na hazina mahali pa gundi kujishikiza. Viyeyushi vya kawaida kama asetoni vinapita juu yake bila kuacha alama. Waingereza Eric Fawcett na Reginald Gibson, walipoipata poliethilini kwa mara ya kwanza tarehe 27 Machi 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, walikuta kitu cheupe kinachofanana na nta. Mjerumani Karl Ziegler akagundua namna ya kuitengeneza iwe ngumu zaidi mwaka 1953, na mwaka uliofuata Mwitaliano Giulio Natta akafanikiwa kutengeneza polipropilini imara. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963, na kazi yao ndiyo mzazi wa ndoo na dumu la leo.

Sifa inayowakera watengenezaji ndiyo iliyoyapa madumu umaarufu. Chombo kinachokataa gundi kinakataa pia chumvi, magadi, maziwa yaliyoganda na dawa nyingi kali. Hakioti kutu kama debe, na hakivunjiki kama mtungi.

Viwandani wana ujanja wao. Kabla ya kuchapa maandishi juu ya dumu, uso wake hupitishiwa mwali wa moto kwa kasi, hewa ya oksijeni ikajishikiza juu yake na wino ukapata pa kukaa. Zipo pia gundi maalumu za plastiki zinazoelea, lakini ni ghali, na ni nadra kuziona kwenye duka la vifaa la mji mdogo. Kwa familia ya kawaida, bei yake haina maana ikilinganishwa na ya ndoo mpya.

Gundi na viyeyushi mahali pake

Kwa plastiki inayozama, habari ni nzuri zaidi. Gundi ya mabomba, ambayo mafundi wengi huiita tu Tangit, kwa kweli ni kiyeyushi kilichochanganywa na PVC. Ikipakwa, inalainisha ngozi ya bomba na ya kiungio. Pande mbili zikisukumwa pamoja, minyororo ya upande mmoja inaingiliana na ya mwingine. Kiyeyushi kikishayeyukia hewani, pande mbili zimekuwa kitu kimoja. Ndiyo sababu bomba lililounganishwa vizuri hupasuka pembeni kabla ya kuachia kwenye kiungio. Kinachowaangusha wengi ni haraka. Uso haukufutwa vumbi na maji, au bomba limefunguliwa maji saa hiyohiyo. Kusubiri siku nzima kabla ya kuruhusu maji yenye msukumo ni sehemu ya kazi.

ABS hutibika kwa asetoni, ile inayouzwa pia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ingawa si kila dawa ya kucha ina asetoni ndani yake. Mwenye bodaboda aliyevunjikiwa na madigadi ya ABS anaweza kuchukua vipande vidogo vya madigadi mengine yaliyokwisha, akavitia kwenye kichupa cha kioo na kuvimwagia asetoni. Baada ya saa kadhaa vinakuwa uji mzito kama asali. Ufa unasafishwa, unalowanishwa kwa asetoni tupu mpaka uanze kunata, unajazwa uji, kisha unafungwa kwa mpira wa tyubu na kuachwa hadi kesho yake. Kwa ndani, kipande cha wavu wa waya kikizamishwa kwenye uji huo kinaongeza nguvu mahali pikipiki inapotikisika. Kichupa lazima kiwe cha kioo, kwa sababu kikombe cha polistirini kitayeyuka pamoja na dawa. Na kipimo cha kuelea kifanyike kwanza: madigadi mengine ni ya polipropilini, na hayo asetoni haiyafanyi kitu.

Supagluu nayo ina mahali pake. Mkemia Mmarekani Harry Coover alikutana nayo mwaka 1942, akaiacha kwa kuwa ilinata kwenye kila kitu, na ikaingia madukani mwaka 1958. Inakauka kwa kukutana na unyevu, na inapenda nyufa finyu zinazokutana barabara: pembe ya redio, kitufe cha tochi, mpini wa jagi gumu. Mafundi wengine huinyunyizia magadi ya unga, ikaganda papo hapo na kujaza pengo. Udhaifu wake ni kwamba ikikauka inakuwa kavu kama kioo. Chombo kinachopindapinda, kinachotiwa maji ya moto au kinachokaa majini siku zote kitaishinda.

Araldite na gundi nyingine za mirija miwili, ambazo huchanganywa nusu kwa nusu kabla ya kupakwa, zina subira na nguvu zaidi. Zinafaa kwa plastiki ngumu zinazozama, hasa zikiwekewa waya ndani yake. Kwa ndoo inayoelea, zinaweza kushika kidogo iwapo uso umekwaruzwa kwa msasa na kutobolewa vijitundu ili gundi ipite na kutoka upande wa pili, ikajikaza kama kifungo. Hapo kinachoshika ni lile umbo la kifungo kuliko unato wa gundi.

Zinabaki mbili zinazopotezewa hela bure: gundi ya viatu na solushen ya kuzibia tyubu za baiskeli. Zote zimeundwa kwa ngozi na mpira. Fundi baiskeli wa Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi, anajua kiraka chake kinashika tyubu mpaka ichakae. Kiraka hichohicho kwenye dumu kinang'oka kwa kucha.

Viyeyushi vyote hivi vina hatari inayofanana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, na jiko la mkaa lililoko hatua chache mbele linatosha kuuwasha. Kazi hii ni ya nje ya nyumba, mchana, mbali na moto na watoto. Supagluu ikirukia jichoni, kope zisivutwe. Jicho lioshwe kwa maji mengi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Gundi hiyo ikimwagikia kwenye pamba au nguo ya pamba huchemka ghafla na kuunguza.

Uzi, waya na kisu cha moto

Sasa turudi kwenye kundi kubwa, lile linaloelea. Dawa yake ilikuwapo kabla ya plastiki kufika. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kibuyu kilichopasuka hakikutupwa. Kilishonwa kwa nyuzi za mmea, na vibuyu vyenye mishono hiyo vinaonekana hadi leo kwenye makumbusho. Baadaye likaja debe, nalo likitoboka lilipelekwa kwa fundi bati aliyeliziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Kibuyu kilitibiwa kwa sindano, debe kwa moto. Ndoo ya plastiki inahitaji vyote viwili.

Kazi inaanzia kwenye ncha za ufa. Ufa hukimbia kwa sababu nguvu yote ya kuvuta hukusanyika kwenye ncha yake kali. Mhandisi Mwingereza Charles Inglis alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1913, na mafundi wa ndege bado hutoboa tundu mwishoni mwa ufa ili kuusimamisha. Kwa ndoo, msumari uliopashwa moto unafanya kazi hiyohiyo. Tundu dogo la mviringo linachomwa pale ufa unapoishia, na nguvu iliyokuwa imelundikana kwenye ncha inasambaa kuzunguka tundu.

Kisha unafuata mshono. Kiti cha plastiki kilichopasuka mgongoni kinaonyesha vizuri jinsi unavyofanyika. Spoku ya baiskeli inalazwa kwenye makaa mpaka ncha yake iive. Fundi anatoboa matundu pande zote mbili za ufa, nusu sentimeta kutoka ukingoni, kwa nafasi ya sentimeta moja hivi. Kila tundu linatoa moshi kidogo na kuacha mdomo mnene ulioyeyuka na kuganda, kama pindo la nguo. Pindo hilo ndilo linalozuia waya usichane plastiki. Tundu lililotobolewa kwa kugongelea msumari wa baridi halina pindo, na mara nyingi huzaa ufa mpya. Waya mwembamba, au uzi wa nailoni ukiongozwa na shazia, unapita kwa kukatiza kama kamba za kiatu, unakazwa hatua kwa hatua, na ncha zake zinapindwa kwa nyuma zisije zikachana nguo ya mgeni.

Kwa kiti, kazi imekwisha. Kwa ndoo, mshono umeshika lakini unavuja kila tundu, na hapo ndipo moto unapoingia kwa mara ya pili. Wengi waliokua kabla ya tarehe 1 Juni 2019, siku Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wanakumbuka namna ilivyofanyika: mfuko wa rambo unawashwa, matone yake yanadondoshewa juu ya ufa. Njia hiyo ilisaidia kwa muda, na udhaifu wake unaeleweka. Tone linalowaka linaanguka kwenye ukuta wa baridi. Linaganda juu yake bila ukuta kuyeyuka, na limejaa masizi. Baada ya wiki chache linabanduka lote kama kigaga.

Ili pande mbili ziwe kitu kimoja, zote mbili lazima ziyeyuke. Kisu kisichokuwa na kazi jikoni, au bapa la chuma, linapashwa moto na kupitishwa taratibu juu ya ufa mpaka ukuta wa ndoo ung'ae na kuanza kuvutika nyuzi kama asali. Papo hapo kipande chembamba cha plastiki ya akiba kinakandamizwa juu yake na kusawazishwa kwa kisu hichohicho. Poliethilini ya dumu huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi za Selisiasi, polipropilini kwenye 160 na kitu. Makaa yana moto mara kadhaa zaidi ya huo, kwa hiyo kosa la kawaida ni kisu kuwa cha moto mno. Plastiki ikitoa moshi mwingi na kugeuka kahawia, inaungua, na plastiki iliyoungua haina nguvu tena.

Kipande cha akiba nacho kinachaguliwa. Dumu hutibiwa kwa dumu, na ndoo ya namba 5 kwa kipande cha namba 5, kwa sababu aina hizi mbili, ijapokuwa zote zinaelea, hazichanganyiki vizuri zikiyeyuka. Mwenye shaka anayeyushia kipande kidogo kwenye kitako cha ndoo, anakiacha kipoe, halafu anakivuta. Kikitoka chote kama lebo ya chupa, si ndugu yake. Kikikatika kikabaki na mzizi, kinafaa.

Wahandisi wa maji hufanya hivyohivyo kwa mitambo. Miradi ya maji vijijini, inayosimamiwa tangu mwaka 2019 na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), hutumia mabomba meusi ya poliethilini yanayofika yamekunjwa kama roli. Mabomba hayo hayaunganishwi kwa gundi. Ncha mbili zinachongwa zikawa sawa, zinabanwa kwenye bamba la moto la nyuzi 200 na zaidi, bamba linaondolewa, na ncha zinasukumwa pamoja mpaka zitokeze ukingo mnene kuzunguka kiungio. Bibi anayeziba dumu lake kwa kisu cha moto na mhandisi mwenye mashine ya jenereta wanafuata kanuni moja. Tofauti ni kipimo cha joto na usafi wa nyuso.

Umeme wa gridi ya taifa ulipofika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, wilaya hizo zikaachana na majenereta ya dizeli, njia hii ilipata msaidizi. Chuma cha umeme cha mafundi redio, kile cha kuyeyushia risasi, kina joto tulivu na ncha ndogo, na kinaziba ufa wa dumu kwa unadhifu ambao kisu cha makaa hakiufikii.

Kinachopasua chombo

Anayejua chanzo cha ufa anajua pia kama unastahili kutibiwa. Adui wa kwanza ni jua. Miale yake isiyoonekana hukata minyororo ya plastiki mmoja mmoja, na nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mtu anapopanda mita 1,000. Nyanda za juu za Kigoma ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake hakina mawingu mengi. Ndoo nyekundu iliyoachwa uani mwaka mzima inapauka, kisha ukiipitishia kidole kinatoka na unga kama chaki. Ndoo ya namna hiyo haishoneki: kila tundu la spoku litazaa ufa wake. Matenki ya maji na mabomba hutiwa masizi, asilimia 2 hivi, ili weusi huo uzuie miale isipenye. Kivuli cha mwembe kinafanya kazi hiyo bure.

Adui wa pili ni mzigo. Dumu lililojaa lina kilo 20 za maji, na likifungwa kwenye kereja ya baiskeli katika barabara ya mashimo, uzito huo wote unagonga mstari mmoja wa kitako. Wa tatu ni sabuni, na huyu wengi hawamjui. Poliethilini iliyo katika mvutano, ikilowana maji ya sabuni kali kwa muda mrefu, hupasuka mapema kuliko ingekuwa kavu. Mafuta nayo yanaweza kuifanya hivyo. Dumu lililobeba mawese, likaoshwa kwa sabuni nyingi na kuachwa na maji hayo usiku kucha likiwa limebanwa kwenye kona, limepewa mazingira yote ya kupasukia. Liwe limesuuzwa na kuachwa tupu, litadumu zaidi.

Madumu ya kukunjwa ya lita 10, yale yanayogawiwa wakati wa dharura, hupasuka mahali pamoja tu: kwenye mikunjo. Dawa yake bora ni kuacha kuyakunja yakishafika nyumbani.

Maji ya kunywa ni jambo lingine

Wilaya za Kasulu na Kibondo zinajua vizuri kuliko nyingi thamani ya chombo cha maji. Kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere wilayani Kasulu, imehifadhi wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996, na baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 kambi hiyo ilipita watu 150,000. Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka huohuo. Vyombo vya maji huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kugawiwa kambini. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa za chini kabisa, na kaya iwe na walau vyombo viwili vya kati ya lita 10 na 20. Dumu la Mtanzania, ambalo Mkongomani wa Nyarugusu analiita bido, likipasuka, kaya inapoteza nusu ya akiba yake.

Lakini ubora wa chombo ni afya pia. Mwaka 1993, katika kambi moja ya wakimbizi nchini Malawi, watafiti walizipa baadhi ya kaya ndoo zenye kifuniko kisichotoka na mdomo wa kumiminia, ili mikono isizame majini. Watoto wa chini ya miaka 5 katika kaya hizo waliugua kuhara kwa asilimia 31 pungufu ya wengine. Tofauti ilikuwa ndoo tu. Sasa mshono wa waya ndani ya ndoo ni makazi mazuri ya utelezi na vijidudu, maana kitambaa cha kuoshea hakifiki humo. Gundi isiyokauka sawasawa nayo inaachia kemikali zake majini.

Kwa hiyo chombo kilichotibiwa kinahitaji kupangiwa kazi mpya. Dumu lililozibwa kwa kuyeyushwa, kwa plastiki safi ya aina yake na bila waya ndani, linaweza kuendelea kubeba maji. Ndoo iliyoshonwa ishuke daraja: ifue nguo, ihifadhi maharage na mahindi, ibebe udongo, na ikichoka zaidi ioteshe miche. Iliyoshikwa kwa gundi yoyote isirudi kwenye maji ya kunywa wala asali. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba, hata likiwa zima, halina ruhusa ya kuingia jikoni. Mashamba ya tumbaku ya ukanda huu yanafanya onyo hilo kuwa la kila msimu. Na katika kazi yote ya moto, PVC haipaswi kuchomwa kabisa, kwa kuwa moshi wake una tindikali inayounguza mapafu.

Hii yote ni kazi inayostahili jina na mwalimu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, na vile vya ufundi vya VETA vinafundisha uchomeleaji wa chuma, useremala na ushonaji. Somo la siku chache la kutambua na kuunga plastiki lingekaa humo bila shida, na vifaa vyake vimekwisha kutupwa majalalani: ndoo zilizokufa, zilizooshwa, zikakatwa vipande vyembamba na kutengwa kwa namba. Kijana mwenye chuma cha umeme, msasa, waya na mafungu mawili ya vipande hivyo, la namba 2 na la namba 5, anaweza kukaa pembeni ya fundi baiskeli siku ya gulio na asikose wateja.

Kabla ya kumrudishia mwenye dumu mali yake, fundi huyo ana jambo moja la kumalizia. Dumu linajazwa maji hadi shingoni, linawekwa juu ya majivu makavu yaliyotandazwa sawasawa, na linaachwa usiku kucha. Asubuhi linainuliwa. Majivu yakiwa na duara lililolowa, kisu kinarudi motoni. Yakiwa makavu, dumu linarudi bombani kabla foleni haijarefuka.